Elam Hostetter na Maneno Yaliyo Chini ya Mtutu

Mzee Elam Hostetter ameitumikia Ngome ya Brandt, makumbusho yetu, kwa miaka thelathini na minne na miezi sita, tangu Aprili 1990, na anastaafu rasmi Jumamosi, tarehe 2 Novemba, saa kumi jioni, mara bendera itakaposhushwa. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja saba, amezika farasi wawili na mbuzi mmoja wa maonyesho, na ameondoa ratili kumi na nne za mbao kutoka kwenye bunduki kumi na moja. Hesabu ya mbao ni ya kuaminika, kwa sababu alikuwa akipima. Hesabu ya mameneja ina utata, kwani mmoja alikaa siku tisa tu.

Bi. Verna Wenger, meneja wetu wa sasa, ndiye aliyenitaka niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Wenzangu wote walikuwa na udhuru. "Wewe huongei," aliniambia, "basi lazima maneno yako mengi yamebaki." Nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kihispania nyumbani na Kiingereza shuleni, na nina aibu katika zote mbili. Nikakubali kwa kuinamisha kichwa.

Mzee Elam hakuja hapa kama fundi bunduki. Alikuja kurekebisha ua. Isitoshe, anatoka katika ukoo wa Wamenno, watu ambao kwa karne nyingi wamekataa kushika silaha, na mama yake alipopata habari kwamba mwanawe anashinda na bunduki alifika hadi langoni, pai ya molasi mkononi na hasira usoni.

"Elam, umeanza kuua watu?"

"Mama, hizi zimetengenezwa vibaya kiasi kwamba hata ukitaka kuua huwezi."

Mama mtu akainua moja, akaishusha haraka. "Kweli," akasema. "Hii itamuua anayeibeba." Akaacha pai, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakuuliza tena.

Kwa wale mliojiunga nasi juzi: bunduki zetu za gumegume si za kale. Ni nakala za bei rahisi kutoka India, na ngome ilizinunua kwa sababu nakala nzuri zingetufilisi. Mtutu wake hauna neno. Mtambo wake hutoa cheche ukiubembeleza. Tatizo ni mbao. Shingo yake, pale mkono unaposhika nyuma ya mtambo, ni nene kama paja la mtoto mchanga. Kitako humzaba mpigaji kofi la shavu. Na mwili mzima umepakwa vanishi nyekundu inayong'aa kama tofaa lililochovywa kwenye sukari ya sikukuu. Mzee Elam alipofungua sanduku la kwanza alitamka maneno ambayo leo yamechorwa kwenye kibao mlangoni pa karakana: "Hii si bunduki. Ni mguu wa meza uliomeza bomba."

Hakuna aliyemwambia azirekebishe. Alianza kwa sababu zilimkera. Alikwangua vanishi kwa kipande cha kioo cha dirisha, akakuta chini yake gundi na unga wa mbao vimejazwa kila palipo na pengo, akatukana kwa Kijerumani cha bibi yake, akaendelea. Mnaomjua mnaijua staili yake: hupitisha tupa ya mbao mara tatu, huiweka chini, hufumba macho, hupapasa. Akiridhika hutikisa bega. Asiporidhika, mara tatu nyingine. Shingo hupungua mpaka kidole gumba kinaizunguka bila kuomba ruhusa. Mgongo wa kitako hushuka mpaka shavu linalala. Kisha huja mafuta ya kitani, kwa kiganja kitupu, siku kumi na nne mfululizo, na katika siku hizo kumi na nne mkewe, Bi. Arlene, hamruhusu kusogelea mapazia.

Sehemu ya hatari ni ya mbele, ule ubao mrefu unaoubeba mtutu. Chini ya mtutu, ndani ya mbao hiyohiyo, limepita tundu jembamba la mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Ukiacha mbao nene, bunduki inaonekana na mimba. Ukikwangua kupita kiasi unatoboa tundu, na mdeki unachungulia nje kama kidole cha mguu kwenye soksi. "Mbao haina samahani," husema Mzee Elam. "Ukishaitoa, imetoka."

Kuna mgeni mmoja, mwenye kofia ya pembe tatu aliyoinunua dukani kwetu dakika kumi kabla, aliwahi kumcheka yule fundi wa India ambaye hatumjui. Mzee Elam, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa amemlaani fundi huyo na kizazi chake, akageuka mkali. "Yule amepewa dakika arobaini kufanya kazi ya wiki tatu. Wewe dakika arobaini hujamaliza hata kuvaa kofia vizuri." Kisha akamwonyesha kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumekiona: ndani ya mfereji wa mbao, pale mtutu unapolala, fundi yule alikuwa ameandika namba na alama yake kwa penseli. Mzee Elam hajawahi kuzifuta alama hizo.

Naamini ndipo alipoipata ile tabia yake. Kila alipomaliza bunduki, kabla ya kurudisha mtutu, aliandika kwa penseli katika mfereji huo uzito wa mbao aliyoondoa, alioupima kwa mizani ya jikoni ya Bi. Arlene, na chini yake neno moja la kweli. Alisema katika ngome nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu anaweza kusema kweli, kwa sababu hakuna meneja anayejua kutoa mtutu. Nambari tatu, mwaka 1993: "Wakia kumi na tisa. Meneja mpya anaogopa farasi, na farasi wanajua." Nambari tano: "Wakia kumi na nane. Supu ya kuku ya leo ilikuwa maji yaliyoonyeshwa kuku." Nambari nane: "Wakia ishirini na moja. Arlene alikuwa sahihi. Msimwambie." Bi. Verna ameniomba nisitaje nambari kumi, kwa hiyo siitaji, ila ni kweli kuhusu miluzi yake.

Sasa nifike kwenye nambari kumi na moja, ambayo ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika.

Mnamo Machi mwaka huu Mzee Elam aliniachia mimi, mwanafunzi wake karakanani, sehemu ya mbele ya bunduki hiyo kwa siku mbili alipokwenda kutazamwa magoti. Aliniambia niishie kwenye mstari wa penseli. Niliishia. Kisha nikafumba macho nikapapasa kama yeye, nikaona bado kidogo. Bado kidogo ni ugonjwa wa karakana yetu. Haumwi nao mtu asiyeshika tupa. Tupa mara tatu. Bado kidogo. Nilipofumbua macho, mwanga ulikuwa umepita kwenye mbao, upenyo wa urefu wa kidole changu.

Nilifanya alichofanya Adamu, nikajificha. Niliyeyusha mshumaa, nikachanganya na vumbi la mbao, nikaziba, nikasugua mpaka sikuona kitu. Mzee Elam akarudi, akaiweka bunduki karibu na jiko, akaanza kunywa kahawa. Baada ya muda akanyanyua pua.

"Binti."

"Naam, Mzee."

"Mbona bunduki hii inanuka kanisa?"

Alikwangua nta yote kwa ukucha, akatazama shimo, akatazama masikio yangu ambayo nadhani yalikuwa yanaungua. Akafungua droo akatoa kipande cha mbao alichokuwa amekihifadhi kutoka kwenye kitako cha bunduki hiyohiyo. "Mwaka 1991 nilitoboa mara tatu kwa wiki moja," akasema. "Mimi nilitumia nta ya viatu. Haya, shika patasi." Kiraka kilituchukua siku nne. Ukikitafuta leo utakiona tu ukiambiwa kilipo, na hata hapo utabishana na aliyekuambia.

Mwezi Juni ukaja mpango wa peremende. Bwana Leland Kreider, Mwenyekiti wa Bodi, ni mtu mwema, na Bi. Verna amemsomea haya yote kabla hayajachapwa. Lakini alitangaza kwamba Mzee Elam akistaafu, karakana itafungwa na chumba kiwe duka la peremende na chokoleti za kukoroga. "Wageni hawanunui vumbi la mbao," alisema kwenye kikao. Mzee Elam aliinuka. Alirudi karakana, akachukua nambari kumi na moja iliyokuwa imemaliza mafuta yake, akaandika ndani ya mfereji kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiandika. Akarudisha mtutu, akapiga pini, akaipeleka ofisini. Ilikuwa imeahidiwa kwa Mwenyekiti kwa ajili ya Siku ya Mzingiro, onyesho letu la Septemba.

Mlikuwapo wengi tarehe 14 Septemba, lakini mlikuwa mbali. Mimi nilikuwa karibu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kushika mkoba wa zana. Asubuhi ilikuwa na manyunyu. Bwana Kreider alisimama langoni katika sare ya jenerali ambayo vifungo vyake vilikuwa vikiomba dua, na kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola. Akatia baruti, akashindilia, akalenga mtoni, akafyatua. Fuu! Baruti ya nje ikawaka, ya ndani ikakataa. Akatia tena. Fuu! Ngoma zinapigwa, watoto wanashangilia. Akatia tena. Fuu!

Mzee Elam alishaanza kutembea. "Mwenyekiti, umetia ndani mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na karatasi hizi tatu za baruti hapa chini ni za nani?"

Bwana Kreider akatazama miguu yake. "Basi tatu."

"Elekeza mtutu mtoni. Usinipigie saluti, elekeza mtoni!"

Baruti ya mara tatu ingeweza kupasua mtutu, kwa hiyo tulimimina maji mdomoni mwa bunduki mpaka yakafurika. Kwa utaratibu wetu, baada ya hapo mtutu hutolewa kwenye mbao ukatoswa mzima katika ndoo. Mzee Elam akaikumbatia bunduki. "Naipeleka karakana."

"Hapahapa, Elam," alisema Mwenyekiti, kwa sauti ya jenerali. "Watu wamelipa kiingilio, waone usalama wetu."

Mzee Elam alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Toa pini, binti," akasema. "Polepole. Polepole sana."

Nilizitoa. Mtutu ukanyanyuka, ukaenda kwenye ndoo, na Bwana Kreider akabaki na mbao mikononi. Akavaa miwani.

"Kuna maandishi humu."

"Ni hesabu za fundi tu."

"Hesabu gani zinazotaja jina langu?"

Akasoma kwa sauti. Kipaza sauti bado kilikuwa kwenye kola, kwa hiyo mlisikia hadi maegeshoni: "Nambari kumi na moja. Wakia ishirini na nne. Tundu la mdeki limetobolewa hapa mbele. Mkono ulioteleza ni wangu, E.H. Kreider anataka kuuza peremende katika chumba hiki. Hajawahi kushika mbao isipokuwa kijiti cha meno. Apewe tupa kwa saa moja. Akiiweka chini bado anataka peremende, nitazikoroga mwenyewe."

Wapiga ngoma ndio walioanza kucheka. Bwana Kreider akawa mwekundu kuliko koti lake, akashika lililo jepesi kushika.

"Miaka thelathini na minne, na bado unatoboa? Ndiyo maana tunafunga, Elam! Mkono umezeeka."

Hapo watu mia mbili wakacheka.

"Umezeeka, ndiyo," akasema Mzee Elam. Basi.

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, pini tatu zikiwa kiganjani. Nilifungua mdomo. Lugha zangu zote mbili zilipanda kwa pamoja zikakwama mlangoni kama watu wanaoambiana pita wewe kwanza. Nikaufunga.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa kuwa karatasi hainitazami: nambari kumi na moja niliitoboa mimi, Noemi Arroyave. Mzee Elam hajatoboa bunduki tangu 1991. Aliandika jina lake juu ya kosa langu mahali ambapo alidhani hakuna atakayesoma, na liliposomwa mbele ya watu mia mbili hakulifuta. Mliocheka mlimcheka asiyehusika. Mimi sikucheka, lakini nilinyamaza, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa baya zaidi.

Aliyetuokoa siku ile alikuwa Bi. Verna, ambaye hana aibu katika lugha yoyote.

"Mwenyekiti," aliita kutoka kwenye meza ya mikate ya pretzeli, "na ile saa moja?"

"Saa gani?"

"Ya tupa. Si umeisoma mwenyewe?"

Watoto wakadaka. "Tu-pa! Tu-pa! Tu-pa!" Mwenyekiti mzuri hujua wakati wa kushindwa. "Jumatatu!" akapaza Bwana Kreider, na vifungo viwili vikaruka.

Jumatatu alikuja na glovu mpya. "Vua," aliambiwa. "Glovu hazisikii." Akawekwa mbele ya jiliwa, kile kibanio cha mezani, lililobana nambari kumi na mbili, iliyotoka sandukuni asubuhi hiyo, nyekundu na nene kama ilivyozaliwa. Dakika ishirini za kwanza alizungumzia ladha za chokoleti. Dakika ishirini za pili alizungumzia ladha chache zaidi. Kisha akanyamaza, na nikasikia kwamba anapitisha mara tatu na kupapasa, bila kuambiwa. Saa moja ikatimia. Mzee Elam akatazama saa ya ukutani, akanyanyua kikombe chake, akanywa. Saa tatu zikatimia. Bi. Verna akaja na funguo.

"Tunafunga, Mwenyekiti."

"Ngoja," akasema Bwana Kreider. Nyusi zake zilikuwa zimejaa vumbi la mbao. "Kuna uvimbe hapa. Bado kidogo."

Nilifumba macho. Mlio wa mbao kutoboka naujua: si mkubwa, kama kuvunja biskuti. Nilipofumbua, Mwenyekiti wa Bodi ya Ngome ya Brandt alikuwa ameweka kidole gumba juu ya shimo, akitazama dari.

"Mshumaa uko droo ya pili," Mzee Elam akamwambia. "Lakini nakuonya, unanuka."

Bodi ilikutana tarehe 1 Oktoba. Peremende zinakwenda kwenye zizi la zamani karibu na lango, ambako kwa kweli watapita wageni wengi zaidi. Karakana inabaki ilipo, na itafunguliwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Mwenyekiti ameomba Ijumaa. Kwenye muhtasari wa kikao sababu iliyoandikwa ni "urithi wa jamii." Sababu yenyewe iko mahali pengine, kwa penseli.

Mzee Elam, mengine yaliyobaki ni yako moja kwa moja. Nambari kumi na mbili ndiyo zawadi tunayokupa Jumamosi baada ya supu. Tafadhali jifanye hukujua. Shimo ni la Bwana Kreider, kiraka ni changu, na mbao iliyotoka ni wakia ishirini na mbili kwa mizani ileile, ambayo Bi. Arlene ametuazima kwa masharti. Alama ya fundi wa India tumeiacha palepale. Chini yake Mwenyekiti ameandika mstari mmoja, na mimi nimeandika mitatu, kwa lugha zote mbili, kwa sababu moja haikutosha.

Asante kwa miaka thelathini na minne na nusu, kwa matusi ya Kijerumani, na kwa kutotuuliza mara mbili jambo ulilokwisha kulijua. Magoti yakuruhusu kufika mtoni, shingo ya kila utakachokishika iwe nyembamba, na mapazia yapone. Siku zako zijazo ziende taratibu, mara tatu tatu, na katikati ufumbe macho.

Haya niliyoandika jaridani ni yale yanayoweza kusomwa mbele ya watu. Hayo mengine unajua yaliko. Pini hutoka kushoto kwenda kulia.